Viungo vya dirishani: kupanda kotimiri, nanaa na pilipili ndani ya nyumba mjini Tanga

Mchicha hausumbui mtu Tanga. Asubuhi yoyote soko la Mgandini lina mafungu ya mchicha, matembele na kisamvu, na kabichi na karoti zinashuka kutoka Lushoto. Kinachosumbua ni vile vinavyotumika kidogo kidogo. Mchuzi unataka vitawi vitatu vya kotimiri, unanunua fungu zima, kesho yake lililobaki limelala kwenye friji limegeuka ute. Nanaa hivyo hivyo. Pilipili mbuzi unataka moja tu, na ya kijani, usiku, duka limefungwa. Hivyo ndivyo vya kupanda ndani. Nyanya, bilinganya na karoti viache sokoni: vinataka jua la kutwa na udongo mwingi, na dirisha haliwezi kuvipa.

Mwanga kwanza

Kabla ya kununua mbegu, jua dirisha lako linatazama wapi. Tanga iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana linahama. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba linaegemea kaskazini. Miezi iliyobaki linaegemea kusini. Ndiyo sababu dirisha lililokupa kotimiri nene mwezi Julai linaweza kuwa kivuli mwezi Disemba, mimea ikarefuka na kupauka ilhali hukubadilisha kitu.

Tena jua letu liko juu sana. Chukua dirisha la urefu wa mita 1 lisilo na upenu: mwezi Juni jua la utosini linaingia kwenye dirisha la kaskazini sentimita 54 tu, na mwezi Disemba linaingia kwenye la kusini sentimita 33. Ongeza upenu au baraza, kama nyumba nyingi zilivyo, na mchana hakuna jua linaloingia kabisa. Chungu kilichowekwa mezani katikati ya sebule kiko gizani, hata kama wewe unaona chumba kinang'aa. Mmea ukae kwenye kizingiti chenyewe, au kwenye ubao uliofungwa usawa wa kizingiti.

Dirisha la mashariki ndilo zuri kuliko yote. Jua la saa moja hadi saa nne asubuhi linaingia kwa ubavu, linafika mbali, na halina ukali. Dirisha la magharibi linapata jua wakati ukuta umeshashika moto. Pilipili inavumilia, kotimiri haivumilii.

Kipimo rahisi: saa nne asubuhi weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka chungu, nyoosha mkono sentimita 30 juu yake, tazama kivuli. Kingo zikionekana wazi, pilipili na mrehani vitakaa hapo. Kivuli kikiwa na ukungu lakini vidole vinahesabika, weka nanaa, kotimiri au majani ya vitunguu. Usipoona kivuli, usijisumbue bila taa. Na kabla hujalilaumu dirisha, fua wavu wa mbu. Wavu wenye vumbi la miezi sita unakula mwanga mwingi kuliko watu wanavyodhani.

Ukitaka taa, huna haja ya ile ya zambarau inayouzwa kwa bei ya kuruka. Taa ya kawaida ya LED nyeupe ya wati 15, ikining'inizwa sentimita 15 hadi 20 juu ya majani na kuwashwa saa 14 kwa siku, inatosha dumu moja la kotimiri. Inakula yuniti 0.21 za LUKU kwa siku, yaani yuniti 6.3 kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe kama fungu la sokoni si rahisi zaidi. Mara nyingi ni rahisi, isipokuwa kama unaishi chumba kisicho na dirisha la maana.

Chombo na udongo

Dumu la mafuta ya kula la lita 10 ndilo chombo kizuri cha kotimiri. Lilaze, kata ubavu mpana wa juu, utabaki na hori lenye kina cha kama sentimita 15. Lioshe kwa sabuni na maji ya moto mpaka utelezi wa mafuta uishe. Pasha msumari kwenye mkaa, toboa matundu 8 chini. Ndoo ya rangi ya maji ya lita 4 inafaa nanaa; iliyokuwa na rangi ya mafuta usiitumie kwa kitu cha kula. Pilipili inataka ndoo ya lita 10 au zaidi. Ndoo nyeusi dirishani inapika mizizi, kwa hiyo izungushie gunia au ipake chokaa kwa nje.

Usiweke kokoto chini ya chombo. Watu wanaamini zinasaidia maji kutoka, lakini kinachotokea ni kwamba maji yanasimama kwenye udongo ulio juu ya kokoto na mizizi inaoza pale pale. Kipande cha wavu wa mbu juu ya matundu kinatosha.

Udongo wa uani peke yake hautoshi: kwenye chombo unashikana kama tofali. Kwa ndoo ya lita 10 changanya lita 4 za udongo mweusi wa juu, lita 3 za samadi iliyooza na lita 3 za vumbi la makumbi ya nazi. Samadi iliyooza haina harufu ya zizi, haina joto ukiingiza mkono, na inavunjika kama unga. Mbichi inaunguza mizizi na ina vimelea, na hapa tunazungumzia majani ya kuliwa mabichi.

Kwenye makumbi kuna mtego wa pwani. Yale yaliyofukiwa kwenye tope la bahari ili kusokota kamba yamejaa chumvi, usiyaguse. Chukua makumbi makavu kutoka kwa mfua nazi, yachambue, chekecha, ubaki na lile vumbi la kahawia. Loweka kwenye maji baridi usiku kucha, kamua, mwaga maji, rudia mara tatu, kwa sababu hata makumbi ya kawaida yana chumvi yake. Mchanga wa ufukweni nao hapana, kwa chumvi na kwa yale makombe yaliyosagika, ambayo yanafanya udongo kuwa wa chokaa. Dalili yake utaiona kwenye majani machanga: yanageuka manjano, mishipa inabaki kijani. Hapo mmea umekosa madini ya chuma, na hata ukiongeza samadi leo haurudi haraka.

Udongo wa kusia mbegu umwagie maji yanayochemka, uache upoe usiku mmoja. Hatua hii ndogo inazuia kinyausi, ule ugonjwa wa miche kuanguka ikiwa imekatika shingoni usawa wa udongo. Udongo uliochanganywa vizuri ukiukamata na kuufinya unashikana, ukiugusa kwa kidole unasambaratika.

Kotimiri

Hii ndiyo inayowashinda wengi, na sababu ni tatu: mbegu, kupandikiza, na joto.

Mbegu za kotimiri ndizo zile giligilani za duka la viungo; zinaota kama ni nzima na hazijakaangwa. Kila punje unayoiona ni ganda lenye mbegu mbili. Iviringishe chini ya chupa kwa wepesi mpaka ganda lipasuke katikati, bila kuisaga. Loweka usiku mmoja. Kwa hori la dumu la lita 10 nusu kijiko cha chai kinatosha. Sia palepale zitakapokulia, kina cha sentimita 1, funika kwa udongo, gandamiza kidogo kwa kiganja, nyunyizia. Zitaota kati ya siku 7 na 14. Usizisie kwenye kitalu ukitegemea kuhamisha: kotimiri ina mzizi mmoja mrefu, na ukiukata mmea unashtuka na kukimbilia kutoa maua.

Ikifika majani mawili ya kweli punguza, acha nafasi ya vidole viwili. Uliyoing'oa usitupe, ni chakula. Kuanzia siku ya 35 hadi 45 unaweza kuvuna: kata vitawi vya nje kwa mkasi chini kabisa, acha vya katikati. Usivune zaidi ya theluthi moja kwa wakati mmoja.

Sasa joto. Kotimiri inapenda Tanga ya Juni hadi Agosti, kusi linapovuma na usiku kuna ubaridi. Kaskazi ikiingia, Disemba hadi Machi, itakupa wiki nne au tano kisha jani jipya litatoka jembamba kama uzi. Ukiona uzi huo, imeshaamua kutoa maua. Hakuna kukata wala mbolea itakayoirudisha. Usipigane na msimu. Miezi ya joto isie kwa wingi zaidi, iweke dirisha la mashariki tu, na ing'oe nzima ikiwa na urefu wa sentimita 12, mzizi ukiwa mwembamba bado. Iliyokwisha kutoa maua iache ifunge mbegu. Mbegu changa za kijani zikipondwa kwenye kachumbari zina harufu kali ambayo hata jani halina.

Ili isikatike nyumbani, uwe na madumu matatu na usie moja kila baada ya wiki tatu. Anayesia yote siku moja atakuwa na kotimiri ya kugawa mtaa mzima kisha mwezi mzima mkavu.

Nanaa, mrehani, majani ya vitunguu

Nanaa haina haja ya mbegu. Chukua vijiti vya fungu la sokoni vilivyo imara, kata sentimita 10 chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya nusu ya chini, simika kwenye glasi ya maji kivulini. Badilisha maji kila siku mbili. Mizizi ikifika sentimita 3, ndani ya wiki moja au mbili, panda vijiti vitatu kwenye ndoo ya lita 4. Ipe chombo chake peke yake, maana mizizi yake inatambaa na kumeza jirani. Nanaa inayotoa vijiti virefu vyenye majani madogo haina njaa, imekosa mwanga. Ikate yote ibaki sentimita 4, isogeze karibu na dirisha, itachipua upya.

Mrehani ukatwe ncha kila ukifika majozi manne ya majani, la sivyo unapanda juu kama kijiti na kuweka maua. Majani ya vitunguu ni rahisi kupita kiasi: vipande vya chini vyenye mizizi, sentimita 4, vifukie mpaka shingo, na baada ya siku kumi unakata. Mzunguko wa tatu yanapungua utamu; tupa, weka mengine.

Mchaichai ni mkubwa mno kwa dirisha. Weka ndoo ya lita 20 uani, mahali penye jua.

Pilipili mbuzi

Toa mbegu kwenye pilipili iliyoiva mpaka ikawa nyekundu au ya njano. Ya kijani mbegu zake bado changa. Vaa mfuko wa plastiki mkononi. Anika mbegu kivulini siku tatu, sia kina cha nusu sentimita. Zinaota baada ya siku 7 hadi 14, wakati mwingine wiki tatu, kwa hiyo usichimbue kutazama. Hamisha zikiwa na majani matano au sita. Maua hayatakuja haraka, na matunda ya kwanza yategemee miezi mitatu hivi baada ya kuhamisha.

Maua yakianza kudondoka, tafuta sababu kwa mpangilio huu. Kwanza, ndani hakuna upepo wala nyuki wa kutikisa ua. Pilipili inajichavusha yenyewe lakini inataka mtikiso. Kila asubuhi gonga tawi kwa kidole. Pili, kiu: udongo uliokauka mara moja tu wakati wa maua unatosha kuyaangusha. Tatu, samadi nyingi; mti unakuwa na majani makubwa ya kijani kibichi na hauna tunda. Nne, joto la usiku la Februari, ambalo huna la kulifanya isipokuwa kufungua dirisha na kungoja masika.

Maji

Wengi wanaua mimea ya ndani kwa maji mengi, si kwa kiu. Ingiza kidole mpaka kifundo cha pili. Kukiwa na unyevu, ondoka. Kukiwa kukavu, mwagia asubuhi mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Sahani ya maji yaliyosimama inazaa mbu wa dengue ndani ya wiki moja tu, tena chumbani kwako. Ijaze mchanga wa mtoni, au iondoe kabisa.

Maji ya kisima karibu na bahari ni ya kuangalia. Kama sabuni haitoi povu nayo, au unaihisi chumvi ulimini, usimwagilie. Chumvi inajilundika kwenye chombo kwa sababu hakuna mvua ya kuishusha: kingo za majani zinakauka kahawia, na ukoko mweupe unatokea juu ya udongo. Dawa ni kusuuza. Pitisha polepole maji matamu mara mbili ya ujazo wa chombo, lita 20 kwa ndoo ya lita 10, yatoke yote chini. Masika kinga ya mvua, ndiyo maji bora utakayopata bure. Nyumba zinazotazama bahari, kama za Raskazone, zinapata pia chumvi ya upepo juu ya majani. Yaoshe mara moja kwa wiki.

Chakula cha mimea: koroga samadi iliyooza sehemu 1 kwa maji sehemu 10, acha siku mbili, chuja, mimina kwenye udongo kila baada ya wiki mbili. Usiguse majani. Chicha la nazi usilitupe chunguni likiwa bichi, kama wafanyavyo wengi. Linachacha, linanuka na kuita sisimizi, na sisimizi ndio wanaoleta na kuwalinda vidukari.

Wadudu

Geuza jani utazame mgongo wake kila wiki. Vidukari na inzi weupe wanakaa huko. Utitiri hauonekani vizuri kwa macho, lakini jani linakuwa na vidoa vya manjano na utando mwembamba, hasa miezi ya ukavu. Kwangua sabuni ya mche mpaka ijae kijiko kimoja cha chai, yeyusha katika lita 1 ya maji, nyunyizia mgongoni mwa majani jioni, suuza asubuhi. Rudia baada ya siku nne, maana mayai hayafi. Sabuni ya unga ya kufulia inaunguza majani. Maji ya mwarobaini yanasaidia ila yanaacha uchungu; kwenye pilipili sawa, kwenye nanaa utakuja kuyaonja kwenye chai.

Jikoni

Harufu ya majani haya ni mafuta yanayoruka kwa joto. Kwa hiyo shina na mzizi wa kotimiri vipondwe na kitunguu saumu na tangawizi vianze kwenye chungu. Majani yaingie moto ukishazimwa. Anayechemsha majani dakika ishirini anakula rangi tu.

Chatne ya bajia za kunde ndiyo inayoonyesha faida ya kuvuna dakika hiyo hiyo. Nusu ya nazi, iliyokunwa. Kotimiri iliyojaa mikono miwili, shina na majani. Majani 10 ya nanaa. Pilipili mbuzi 1 ya kijani. Punje 2 za kitunguu saumu. Nusu kijiko cha chai cha chumvi. Maji ya ndimu 1 kubwa. Ponda kwanza chumvi, saumu na pilipili, kisha majani, kisha nazi. Ndimu iwe ya mwisho, kwa sababu majani yakikaa ndani ya ndimu yanageuka rangi ya kijeshi. Ukitumia blenda weka maji vijiko vitatu tu, na iguse kwa vipindi. Ikizunguka mfululizo inapata joto na nazi inatoa mafuta. Iliwe siku hiyo hiyo. Nazi mbichi iliyokunwa haingoji kesho kwa joto la Tanga.

Kwa samaki wa nazi, changu au kolekole wa kilo 1: kaanga kitunguu na ule mseto wa mashina, tia nyanya mbili, tui jepesi vikombe viwili, samaki dakika kumi. Tui zito kikombe kimoja liingie mwisho, moto mdogo, ukikoroga bila kufunika ili lisikatike. Pilipili mbuzi ielee nzima bila kupasuka. Inatoa harufu yake bila kuwachoma watoto. Zima, nyunyiza kotimiri, funika dakika mbili.

Pilipili zikizidi, na mti ulioshika vizuri hutoa nyingi kwa mkupuo, kata 10 vipande, tia kwenye chupa safi iliyokauka, chumvi kijiko 1 cha chakula, na maji ya ndimu mpaka yazifunike kabisa. Weka kwenye friji. Baada ya siku tano ukali umelainika. Chota kwa kijiko kikavu; cha mchuzi kikiingia, utando mweupe unatokea juu na chupa nzima ni ya kumwaga.